Peter Forsskål: Mtu Aliyeliandika Jina la Miraa

Mchana ukisogea mjini Garissa, macho ya watu wengi huelekea barabarani. Magari yatokayo Maua na milima ya Nyambene huja kwa kasi ambayo imekwisha kuua watu, yakiwa yamesheheni magunia ya mabunda ya miraa yaliyofungwa kwa majani ya mgomba. Muda mfupi baadaye wanawake wanaouza rejareja huwa wamekwisha kuyapanga mezani na kuyafunika kwa gunia lililoloweshwa maji. Mgeni atashangaa. Mahindi hayakimbizwi hivyo, wala maziwa ya ngamia, ambayo huharibika upesi. Haraka hii ina sababu, na sababu yenyewe imo ndani ya jani. Kabla ya kuifikia, hatuna budi kumtaja mtu mmoja ambaye hakuwahi kufika Garissa wala mahali popote pa Kenya.

Mmea huu una majina mengi. Wameru, wanaoulima, huuita miraa. Wasomali wa Garissa, Wajir na Mandera huuita qaad, neno lililotoka katika Kiarabu. Watanzania husema mirungi. Na vijana wa mijini wana veve na gomba. Wataalamu wa mimea ulimwenguni kote wana jina moja, Catha edulis. Sehemu ya kwanza ya jina hilo ni lile lile neno la Kiarabu, qat, lililovishwa joho la Kilatini, na sehemu ya pili ina maana ya kitu kinacholika. Aliyelivisha joho hilo ni Peter Forsskål, aliyefariki dunia akiwa na umri wa miaka 31.

Forsskål alizaliwa tarehe 11 Januari 1732 mjini Helsinki, ambao wakati huo ulikuwa chini ya utawala wa Uswidi. Baba yake alikuwa mchungaji wa Kilutheri. Mwaka 1741 familia ilihamia Uswidi yenyewe, na mwaka uliofuata mtoto huyu akaandikishwa katika Chuo Kikuu cha Uppsala akiwa na miaka 10 tu. Jambo hilo halikuwa la ajabu sana kwa wana wa wachungaji wa zama hizo. Baadaye alirudi chuoni akiwa kijana, akasoma theolojia na lugha za Mashariki, na akawa mwanafunzi wa Carl Linnaeus, yule bingwa aliyeufundisha ulimwengu kuvipa viumbe majina mawili mawili ya Kilatini. Linnaeus alikuwa na desturi ya kuwatuma wanafunzi wake pembe zote za dunia kukusanya mimea, na wengi wao hawakurudi.

Mwaka 1753 Forsskål alikwenda Göttingen, Ujerumani, kusoma kwa Johann David Michaelis, mtaalamu wa lugha za Biblia. Tasnifu yake ya mwaka 1756 ilihoji misingi ya falsafa iliyokuwa ikitamba wakati huo. Ni vyema tulizingatie jambo hili, maana tabia ya kuhoji ndiyo iliyomletea mashaka yote yaliyomfuata.

Aliporejea Uswidi aliandika kitabu kidogo kuhusu uhuru wa raia. Humo alidai kwamba watu wawe huru kuandika na kuchapisha mawazo yao, na kwamba hatari kubwa kwa uhuru hutoka kwa wale wenye madaraka, mali na vyeo. Chuo kilikataa andiko hilo la Kilatini lisijadiliwe kama tasnifu. Akaligeuza kuwa la Kiswidi, akalipeleka kwa mkaguzi wa serikali, naye akalipitisha baada ya kuondoa baadhi ya maneno. Novemba 1759 nakala 500 zilichapishwa. Haukupita muda serikali ikaamuru zikusanywe zote, na kazi ya kuzikusanya ikamwangukia mkuu wa chuo, ambaye hakuwa mwingine ila mwalimu wake mwenyewe, Linnaeus. Zilizopatikana ni nakala 79 tu. Zilizosalia zilikuwa zimekwisha kuenea mikononi mwa watu, na ni vigumu kuamini kwamba mkuu yule wa chuo alizisaka kwa bidii kubwa. Mwaka 1766 Uswidi ilipitisha sheria ya uhuru wa uchapishaji, ya kwanza ya aina yake duniani. Wakati huo Forsskål alikuwa kaburini kwa miaka mitatu.

Wakati wa mzozo huo, Michaelis alikuwa amekwisha kumshawishi mfalme Frederik wa Tano wa Denmark agharimie msafara wa wataalamu kwenda Uarabuni. Forsskål aliteuliwa kuwa mtaalamu wa mimea na wanyama. Msafara uliondoka Copenhagen tarehe 4 Januari 1761 ukiwa na watu sita: Frederik Christian von Haven, mtaalamu wa lugha; Carsten Niebuhr, mpimaji wa ardhi; Christian Carl Kramer, tabibu; Georg Wilhelm Baurenfeind, mchoraji; Lars Berggren, mtumishi; na Forsskål mwenyewe. Hawakupewa kiongozi. Kwa mujibu wa maagizo ya mfalme wote walikuwa sawa, na matokeo yake yalikuwa ugomvi wa kila siku. Forsskål na von Haven walichukiana mno. Walipofika Konstantinopoli, von Haven alinunua sumu ya aseniki kwa wingi, na wenzake wakaingiwa na hofu kwamba amekusudia kuwaua. Forsskål naye hakuwa mtu mwepesi kuishi naye. Linnaeus, aliyempenda, alitoa jina lake kwa mmea mmoja wa jangwani, Forsskaolea tenacissima, ambao majani yake hung'ang'ania mkono wa anayeyagusa. Jina hilo la pili lina maana ya king'ang'anizi kupita vyote. Mwalimu alimfahamu mwanafunzi wake.

Kutoka Konstantinopoli walikwenda Misri, wakakaa huko karibu mwaka mzima. Wenzake waliendelea kuishi kama Wazungu. Forsskål alivaa kama wenyeji, akajifunza Kiarabu cha mitaani, akatoka na wakulima na wavuvi. Aliwahi kuporwa na Mabedui, akarudi tena nyikani. Kila alipookota mmea aliuliza unaitwaje, na alichoambiwa alikiandika. Hapa ndipo ninapodhani kwamba sisi wanafunzi wa lugha tunahusika naye zaidi kuliko tunavyofikiri. Wataalamu wengi wa Ulaya wa zama zake walikuwa wakivifunika viumbe kwa majina ya marafiki na wafadhili wao. Forsskål mara nyingi aliliacha jina la mwenyeji libaki, akalifanya kuwa la kisayansi. Samaki aliowakuta Bahari ya Shamu, ambao wengi wao ni hao hao wa pwani yetu, wanabeba majina hayo hadi leo. Aina moja ya changu inaitwa Lethrinus harak, kwa jina la Kiarabu alilolisikia kwa wavuvi. Mwatiko ni Chanos chanos, na aliyemwelezea kwanza kisayansi ni yeye. Samaki aliwakausha na kuwabandika karatasini kana kwamba ni majani, nusu ya ngozi kila mmoja, na karibu 100 kati yao bado wamehifadhiwa Copenhagen.

Mwanafunzi wa Garissa anayetembea nje ya mji hupita katikati ya kazi ya mtu huyu bila kujua. Mgunga ule wenye kivuli kilichotanda kama mwavuli, ambao maganda yake yaliyojikunja huliwa na mbuzi, ulielezwa kwanza na Forsskål. Kadhalika ule mmea wenye shina nene kama chupa na maua ya waridi, unaochanua nyika ikiwa imekauka kabisa, Adenium obesum. Ukishuka hadi Lamu, mchu unaoota katika matope ya mikoko ni wake pia. Mimea ya Yemen na ya kwetu ni ndugu. Ni bahari tu iliyopita kati.

Desemba 1762 msafara ulitia nanga Luhayya, bandari ya Yemen, na wenyeji wakawapokea kwa ukarimu. Miezi iliyofuata ndiyo iliyokuwa ya furaha kuliko yote katika maisha ya Forsskål. Alizunguka juu ya punda na kwa miguu, akapanda milima inakolimwa kahawa, na mwezi Aprili 1763 akaupata mti wa zeri ya Makka, ambao Linnaeus alikuwa akiutamani kwa miaka mingi. Akamtumia tawi lake kwa barua.

Ni katika milima hiyo hiyo alipoukuta mmea uitwao qat. Aliona watu wakiyatafuna majani yake mabichi kwa hamu kubwa. Aliuliza faida yake, akaambiwa mambo mawili: kwamba humfanya mtu akeshe bila usingizi, na kwamba tauni haiingii mahali ulipopandwa, hata mtu akibeba kijiti chake kifuani yu salama. Yeye mwenyewe aliyaonja. Hakuona katika ladha yake dalili yoyote ya nguvu kubwa kiasi hicho, na hakuficha shaka yake. Lakini aliyaandika yote mawili: jina, na habari aliyopewa.

Hakupata wasaa wa kuchunguza zaidi. Homa ya malaria ilikuwa imekwisha kuuingia msafara. Von Haven alifariki mjini Mocha tarehe 25 Mei 1763. Waliosalia wakaanza safari ya kupanda kwenda Sana'a, na njiani Forsskål akazidiwa kiasi kwamba ilibidi afungwe juu ya ngamia. Walipofika mji mdogo wa Yarim hakuweza kuendelea. Alikata roho tarehe 11 Julai 1763, miaka 31 na miezi sita kamili tangu kuzaliwa. Niebuhr alitafuta mahali pa kumzika na watu wa kumbeba, akawapata kwa shida, na mazishi yakafanywa usiku. Baadaye watu walilifukua jeneza wakidhani Wazungu wamezika hazina.

Baurenfeind na Berggren walikufa baharini mwezi Agosti mwaka huo huo, wakielekea Bombay. Kramer alifia huko Bombay mwaka 1764. Niebuhr alirudi Copenhagen peke yake mwaka 1767. Mfalme aliyewatuma alikuwa amekwisha kufa na hamu ya watu ilikuwa imepoa. Hata hivyo hakuyatupa makaratasi ya rafiki yake. Mwaka 1775 alivichapisha vitabu viwili vya Forsskål, kimoja cha wanyama na kimoja cha mimea ya Misri na Arabia. Katika hicho cha pili ndimo Catha edulis ilipoingia katika elimu ya dunia.

Je, alikosea aliposhuku? Kuhusu tauni alikuwa sahihi. Kuhusu usingizi, wenyeji ndio waliokuwa sahihi, lakini tusimlaumu. Mwaka 1763 hapakuwa na mtu aliyeweza kueleza jinsi jani linavyoweza kuufukuza usingizi. Wataalamu walidhani mishipa ya fahamu ni mirija ya kupitishia aina fulani ya majimaji au roho nyepesi. Luigi Galvani hakuchapisha majaribio yake ya umeme na miguu ya chura mpaka mwaka 1791. Na ilibidi kungoja hadi mwaka 1921, Otto Loewi alipotumia mioyo miwili ya vyura mjini Graz, Austria. Alisisimua neva ya moyo wa kwanza mpaka mapigo yakapungua, akachukua maji yaliyouzunguka, akayamimina katika moyo wa pili ambao neva yake haikuguswa. Nao ukapunguza mapigo. Kumbe neva huzungumza kwa kemikali.

Tunajua leo kwamba ubongo umejengwa kwa mabilioni ya seli za neva, na kwamba kwa kawaida hazigusani. Ndani ya seli ujumbe husafiri kwa njia ya umeme. Ukifika mwisho wa seli hukuta mwanya, sinapsi, wenye upana wa kama sehemu 20 katika milioni za milimita moja. Hapo umeme husimama. Vifuko vidogo vilivyojaa kemikali hupasukia mwanyani. Kemikali huelea hadi ng'ambo, hushika vipokezi vya seli ya pili, nayo huamka au hutulia kulingana na ujumbe wenyewe. Kisha lazima mwanya usafishwe, la sivyo ujumbe hautakoma. Kwa kemikali kama dopamini na noradrenalini, usafishaji huo hufanywa na milango maalumu iliyo katika seli iliyotuma ujumbe: huzirudisha ndani zikatumike tena. Dopamini huhusika na raha, hamu na kutenda. Noradrenalini na kuwa macho, mapigo ya moyo na shinikizo la damu.

Dawa nyingi zinazougusa mfumo wa fahamu, ziwe za hospitali au za kijiweni, hufanya kazi katika mwanya huo au jirani yake. Hata utomvu wa yule Adenium obesum wa nyika ya Garissa umo katika hadithi hii kwa namna yake. Una sumu za jamii moja na ile iitwayo ouabain, jina ambalo wataalamu walilitoa katika neno la Kisomali waabaayo, yaani mti wa sumu ya mishale. Sumu hizo huziba pampu inayotoa sodiamu ndani ya seli na kuingiza potasiamu, na pampu hiyo ikizibwa neva haiwezi kujiandaa kwa ujumbe mwingine, wala moyo hauwezi kupiga sawasawa. Jens Skou wa Denmark aliigundua pampu hiyo mwaka 1957 katika neva za miguu ya kaa. Ndiyo kusema wawindaji walikuwa wakiitumia karne nyingi kabla haijapata jina.

Tuirudie miraa. Mwaka 1930 ilipatikana ndani yake kemikali iitwayo kathini, lakini nguvu yake ilikuwa ndogo mno kuliko walivyosema watafunaji, na ilionekana kama kwamba shaka ya Forsskål ilikuwa na msingi. Kosa lilikuwa la wachunguzi: majani yaliyowafikia Ulaya yalikuwa makavu. Mwaka 1975 maabara ya Umoja wa Mataifa ilichunguza majani mabichi ikapata kemikali nyingine, kathinoni, inayofanana sana na amfetamini. Jina lake limetokana na Catha, na Catha limetokana na qat, kwa hiyo neno alilolisikia Forsskål mlimani Yemen limo ndani yake. Ilikuwa imetimia miaka 200 barabara tangu kitabu chake kichapishwe.

Kathinoni ina umbo linalokaribiana na la dopamini, na kwa ajili hiyo huidanganya ile milango ya kurudishia. Huingia kupitia hiyo hadi ndani ya seli, na akiba ya dopamini na noradrenalini ikasukumwa nje pasipo ujumbe wowote kutumwa. Mwanya hujaa. Mtafunaji huona maneno yanamjia kwa wepesi, mipango mikubwa inawezekana, njaa imepotea na usiku ni mfupi. Hali hiyo Wakenya huiita handasi na Wasomali mirqaan. Moyo nao huenda mbio na shinikizo la damu hupanda. Baadaye hali hugeuka: usingizi hukataa kuja hata ukihitajiwa, na asubuhi mtu huamka amenuna, hana hamu ya lolote. Mengi ya ugomvi wa nyumbani unaosimuliwa Garissa kuhusu miraa ni ya asubuhi hiyo, na ya pesa za unga zilizoishia mezani kwa muuzaji.

Sheria imehangaika na jani hili kwa muda mrefu. Katikati ya miaka ya 1940 serikali ya kikoloni ililipiga marufuku kaskazini mwa Kenya, na marufuku hiyo haikufua dafu. Katika mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1971 kathinoni imewekwa katika jedwali la kwanza, lile kali kuliko yote, lakini jani lenyewe halimo. Kamati ya wataalamu ya Shirika la Afya Duniani ilisema mwaka 2006 kwamba miraa haijafikia kiwango cha kuhitaji udhibiti wa kimataifa. Uholanzi iliipiga marufuku mwaka 2013, Uingereza mwaka 2014. Kenya ikaitambua kisheria kuwa zao la biashara mwaka 2016. Somalia ilizuia miraa ya Kenya Machi 2020 na kuifungulia Julai 2022. Mzee wa Garissa anayesema miraa ni majani tu kama mchicha amekosea. Naye anayesema ni sumu sawa na heroini amekosea vilevile. Forsskål, aliyeandika hata lile asiloliamini, angewasikiliza wote wawili na kalamu mkononi.

Limebaki swali la haraka ya magari. Kathinoni haidumu. Jani likinyauka hugeuka kuwa kathini, na baada ya siku mbili tatu aliyelipa bei ya mbichi anatafuna kitu kingine. Jani la mgomba huizuia miraa isikauke, na gunia la maji huongeza saa chache. Wanawake wa meza za Garissa hawakuungoja mwaka 1975 kulijua hilo. Miraa ya jana huiuza kwa bei ya kutupa, au huitupa kabisa mbuzi wakala.